Kabla Sijakata Utepe wa Bwawa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, dada yangu mkubwa, mzaliwa wa kwanza wa marehemu baba na marehemu mama, uliyesafiri jana kutwa nzima kwa basi na magoti yako hayo yanayouma ili kuishuhudia siku hii ya leo. Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Jikoni na Udhibiti wa Sukari, ambaye kwa wakati huohuo ni mke wangu. Mheshimiwa Mwenye Nyumba, ambaye hukualikwa lakini umefika, na protokali inasema aliyefika amealikwa. Ndugu Mwakilishi wa Jumuiya ya Majirani, yaani Kinyozi wetu, uliyekuja na kaptura na taulo shingoni, jambo linaloonyesha mwamko mkubwa wa wananchi katika sekta ya kuogelea. Waheshimiwa viti vya kukodi, hasa vile ambavyo havijakaliwa. Kuku wa nyumba ya pili mliopo hapa kwa nyadhifa zenu mbalimbali. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Kuku mmoja anafukuzwa chini ya meza kuu.)

Awali ya yote napenda kuchukua fursa hii adhimu, adimu na ya kipekee kuwakaribisha katika ua huu wa nyuma wa nyumba tunayopanga, kwa ajili ya uzinduzi rasmi wa Mradi Jumuishi wa Bwawa la Kuogelea la Binafsi na Jiko la Nje la Kuchomea Nyama, kwa kifupi MJUBWAJI, mradi ambao, kama mnavyoona, uko nyuma ya turubai lile la bluu pale kwenye kona, kati ya tangi la maji na kamba ya kuanikia nguo, na ambao mbele yake umefungwa utepe mwekundu nitakaoukata mara tu nitakapomaliza maneno haya machache. (Kinyozi: “Mkasi wangu tu usiupoteze, mzee. Kuna mteja nimemwacha na nusu ya kichwa.”) Hoja yako imepokelewa, Ndugu Mwakilishi. Mkasi utabaki kuwa rasilimali ya mradi hadi kikao kitakapofungwa.

Nitakuwa mfupi. (Waziri wa Mambo ya Ndani anacheka peke yake.)

Ndugu washiriki, joto la mji huu halihitaji takwimu, lakini kwa kuwa nimeziandaa, nitazitoa. Utafiti uliofanywa na ofisi yangu kwa kukaa kwenye kiti kile pale unaonyesha kuwa asilimia tisini na nane ya wakazi wa nyumba hii hutokwa jasho kabla ya kunywa chai, na asilimia mbili iliyobaki huwa bado hawajaamka. Katika mazingira hayo bwawa si anasa. Bwawa ni miundombinu. Na mtu aliyetoka kwenye bwawa, jua likiwa linaelekea kuzama na kijiupepo kikianza, akakuta nyama imelazwa kwenye wavu juu ya makaa mekundu, mtu huyo hatakuwa na malalamiko yoyote dhidi ya serikali yake.

Hata hivyo ni lazima nikiri kwamba uzinduzi huu si wa kawaida, kwa sababu Mgeni Rasmi wetu hakuja kukata utepe na kuondoka. Mgeni Rasmi amekuja kuamua. Begi lake, lile la kahawia lililofungwa mkanda wa suruali badala ya zipu, limesimama mlangoni tangu alipofika, halijafunguliwa, na mwenyewe ametoa msimamo wake kwa kinywa chake, ambao naomba niunukuu. (Mgeni Rasmi: “Nilisema nitalifungua nikiliona bwawa. Nisipoliona, kuna basi kesho asubuhi.”) Nashukuru sana kwa nukuu hiyo. Imekuja kamili kuliko nilivyoiandika.

Kwa faida ya wadau ambao hawana taarifa, nieleze kwamba dada yangu anaishi peke yake, mji mwingine, ghorofa ya juu kabisa katika jengo lisilo na lifti, na kwamba kwa miaka chungu nzima serikali ya nyumba hii imekuwa ikimwomba aje aishi nasi, naye kwa miaka hiyohiyo chungu nzima amekuwa akitujibu jibu moja: hawezi kuwa mzigo nyumbani kwa mtu. Mwaka huu daktari akamwambia magoti yale dawa yake ni kutembea ndani ya maji. Akanipigia simu kunipasha habari, akacheka, akasema, “Maji ya kutembelea nitayatoa wapi mimi, mwenye ndoo moja?” Na hapo ofisi yangu, bila kuitisha kikao, bila upembuzi yakinifu, bila hata kumshirikisha Waziri aliyekuwa amekaa pembeni akichambua mchele, ikatoa tamko: “Dada, mimi nina bwawa. Limekaa tu. Natafuta mtu wa kulitumia.” (Mwenye Nyumba anasimama: “Bwawa? Kwenye nyumba yangu? Umechimba wapi, mzee?”) Maswali yatapokelewa mwishoni, Mheshimiwa, kwa maandishi. Tafadhali keti, kiti hicho ni cha kukodi.

Tangu tamko lile, mradi ulikua kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona katika utumishi wangu wote. Kwenye simu ya kwanza bwawa lilikuwa dogo, la mtu mwenye haya zake. Kwenye simu ya pili likapata vigae vya bluu. Mgeni Rasmi akauliza atashukaje na magoti yale. Papo hapo nikajenga ngazi, na ubavuni mwa ngazi nikafunga reli ya chuma cha pua ya kushikilia. Akauliza kama maji ni ya baridi. Nikayapasha kwa nguvu ya jua. Kisha siku moja akauliza, “Na mtu akitoka majini anakula nini? Njaa ya maji unaijua wewe?” Ndugu zangu, hapo ndipo awamu ya pili ilipozaliwa: jiko la nje la matofali ya kuchoma, lenye wavu unaopanda na kushuka kwa mnyororo, dohani ya kuuelekeza moshi kwa Kinyozi, kaunta ya marumaru, na ndoano tatu za kutundikia koleo. (Kinyozi: “Moshi uje kwangu kwa nini?”) Ni mgawanyo wa haki wa faida za mradi. Tathmini huru, iliyofanywa na mimi mwenyewe, inaonyesha kwamba utekelezaji wa mradi kwa njia ya simu ulifikia asilimia mia moja na arobaini.

Wapo watakaojiuliza uwezo huu nimeutoa wapi. Wengi mnanifahamu kama mzee anayemwagilia maua kwenye makopo ya maziwa na kuwasahihisha watoto wanaosoma kwa sauti barazani. Kule nilikotoka, kabla hatujaondoka kwa haraka ile tuliyoondoka nayo, nilikuwa Katibu Msaidizi, Kitengo cha Uzinduzi. Kitengo kizima kazi yake ilikuwa kuzindua. Na tulikuwa na utaratibu ambao haukuvunjwa na mtu: kwanza unanunua utepe. Utepe ukishapatikana, unatafuta mkasi na kitambaa cha kuulazia. Kisha kibao cha ukumbusho. Kisha viti, vipaza sauti na hotuba. Mwisho kabisa, kama muda unaruhusu, unauliza ni kitu gani kinachozinduliwa. Nasema kwa fahari, na naomba makofi, kwamba katika utumishi wangu hakuna sherehe hata moja iliyowahi kuahirishwa kwa sababu ya kukosekana kwa mradi. (Makofi ya mtu mmoja.)

Tulizindua daraja mahali ambapo mto wenyewe ulikuwa haujaarifiwa. (Waziri anainuka: “Nakwenda kugeuza nyama. Ukifika kwenye bwawa mniite.”) Tulizindua zahanati ambayo mgonjwa wake wa kwanza alikuwa waziri aliyekuja kuizindua, maana alizimia juani akisubiri nimalize kusoma wasifu wake. Tulizindua maktaba, nilikabidhi vitabu kwa mikono yangu, na baada ya picha nilivirudisha kwenye gari kwa mikono ileile. Sasa mtu aliyelelewa katika utaratibu huo, akijikuta amemwahidi dada yake bwawa, mnadhani ataanza na jembe? (Kinyozi: “Ataanza na utepe!”) Ahsante sana. Wananchi wameelewa. Nilianza na utepe. Kikafuata kibao, ambacho kimechorwa na yule mchora mabango wa njia panda kwa herufi za rangi ya dhahabu, na ambacho mtakiona kimeegemezwa pale, chenye jina la Mgeni Rasmi na cheo chake. Upande wa kibao, ndugu zangu, tumekamilisha kila kitu.

Naomba sasa niguse sera.

Tangu tulipoondoka kule, familia hii imeongozwa na sera moja ya samani, ambayo haijawahi kupitiwa upya: kisichoingia begini hakinunuliwi. Kwa sera hiyo tumekaa nyumba nyingi za kupanga, kila moja tukiikuta na misumari ya mpangaji aliyetutangulia, na kila moja tukiiacha na misumari ileile, kwa kuwa hatukuwahi kupigilia wetu. Meza yetu inakunjika. Kitanda chetu kinakunjika. Vitabu vyangu nimekuwa nikivisoma na kuvigawa, hivyo maktaba yangu nzuri kuliko zote iko katika nyumba za watu. Mheshimiwa Waziri aliwahi kupenda kabati la vyombo, la mbao nzito, lenye vioo na funguo mbili. Alilizunguka pale dukani, akafungua mlango, akaufunga taratibu kama anayefunga chumba cha mtoto aliyelala, akasema, “Zuri. Lakini litatusumbua siku ya kuondoka.” Siku ya kuondoka haijafika hadi leo. Kabati nalo halikuja. Watoto wamekua, wameoa na kuolewa, wana makabati yao ya kujaa ukuta. Sisi wawili bado tunakunja. (Waziri, kutoka mlango wa jikoni: “Baba watoto, zungumzia bwawa lako. Kabati langu usilitie kwenye hotuba.”)

Marekebisho yamepokelewa. Narudi kwenye bwawa, na ninalolisema sasa naomba liingie kwenye kumbukumbu za kikao. Bwawa halikunjiki. Bwawa huwezi kulifunga kwenye shuka ukalitupa juu ya lori. Mwenye bwawa halali viatu vikiwa karibu. Kwa hiyo nilipomwambia dada yangu nina bwawa, nilikuwa namweleza, kwa lugha ya kiofisi ambayo ndiyo pekee niliyofuzu, kwamba tumefika, hakuna safari nyingine, alete na vyombo vyake.

Kuhusu historia ya kuogelea katika ukoo wetu, nitagusia kwa ufupi. Baba yetu alikuwa mwendesha pampu kwenye mitambo ya maji, na nyuma ya banda la pampu palikuwa na tangi la zege lililokuwa wazi juu, ambalo watoto tulikatazwa kulisogelea, kwa hiyo tulikuwa humo kila siku. Mgeni Rasmi ndiye aliyekuwa mwalimu wetu. Njia yake ya kufundisha ilikuwa moja: anaweka kiganja chini ya kidevu chako, anakuvuta polepole majini, na anasema, “Inua kidevu. Ukitazama chini utazama.” Kwa njia hiyo aliwafundisha kuogelea watoto wote wa kota zile za wafanyakazi wa mitambo, isipokuwa mmoja, ambaye ndiye anayewahutubia leo. (Kinyozi: “Mzee! Hujui kuogelea?”) Suala hilo, Ndugu Mwakilishi, liko kwenye mchakato. (Kicheko. Mgeni Rasmi anafuta macho kwa ncha ya mtandio.)

Moshi mnaouona ukitokea ngazi ya jikoni usiwatie wasiwasi. Yale ni majaribio ya awamu ya pili. (Waziri: “Ni jiko la mkaa, lilelile la kila siku, na nyama upande mmoja imeshaungua.”) Kama mlivyosikia, majaribio yanaendelea vizuri. (Mwenye Nyumba: “Mimi nataka kuona shimo tu. Nionyeshe shimo niondoke zangu.”)

Ndugu washiriki, nakaribia mwisho, na kabla sijakata utepe, naomba tuuhamasishe mradi kwa kauli mbiu yake. Nikisema “Maji!” mjibu “Yajae!” Maji! (Kinyozi: “Yajae!”) Sauti ya wananchi wenye kiu haiwi hivyo. Maji! (Kinyozi na Mgeni Rasmi: “Yajae!”) Nikisema “Moto!” mjibu “Uwake!” Moto! (“Uwake!” Waziri, kutoka jikoni: “Ungeupuliza badala ya kuutaja!”) Na nikisema “Bwawa!” (Kinyozi: “Hapo hukutufundisha, mzee.”) Ni kweli. Hapo sikuwafundisha.

Basi kilichobaki ni shukrani.

Namshukuru kwa dhati fundi mwashi, ambaye hayupo nasi, aliyekuja kuupima ua huu kwa miguu yake, akanitazama, akaniuliza kama ninataka bwawa la kuogelea au kaburi la kusimama, akanywa maji, akaondoka bila kuchimba. Namshukuru Mheshimiwa Mwenye Nyumba, ambaye sakafu yake haijaguswa, ukuta wake haujatobolewa, na ambaye hana tofali hata moja la kudai. (Mwenye Nyumba anaketi kwa kishindo: “Ungesema mapema, mzee! Nimekuja mbio na shati nimegeuza nje ndani.”) Nalishukuru bomba letu, ambalo kwa kutoa maji Jumanne na Ijumaa tu, tena likijisikia, limeuepusha mradi na janga la mafuriko. Namshukuru Ndugu Mwakilishi kwa mkasi, na kwa taulo, ambalo atarudi nalo nyumbani likiwa kavu. Nalishukuru turubai, ambalo kwa siku nzima ya leo limefanya kazi ya vigae, ngazi, reli na dohani, ilhali nyuma yake kuna ndoo mbili, mfagio, na shuka zilizoanikwa asubuhi. Namshukuru mke wangu, ambaye alijua tangu simu ya kwanza kwamba hakuna kitu, na hakusema kitu. Aliinua macho kutoka kwenye mchele akaniuliza kama bwawa lina kivuli, maana wifi yake hapendi jua kali.

Na wewe, dada. Nakushukuru kwa kulibeba begi lile, kwa magoti yale, kuja kwenye bwawa ambalo halipo, ambalo halikuwahi kuwapo, ambalo hata kama lingekuwapo mimi ningelizunguka kwa mbali. Nilikuwa nimeandika hapa aya nzima kuhusu changamoto na matarajio. Naona niiache. Basi la kesho ni la asubuhi, na kama… (Msemaji anatazama chini.)

(Mgeni Rasmi: “Inua kidevu, wewe. Utazama.”)

Naam, dada.

(Mgeni Rasmi: “Mtoto aliyenililia kwa maji ya magotini aje ajichimbie bwawa uani kwake? Mimi niliyekufundisha nisijue? Nilijua siku ileile. Nilikuwa nauliza maswali nione utafika wapi. Ulipoweka ile reli ya kushikilia, nikasema, kumbe huyu ananitaka kweli nije. Ndiyo nikakata tiketi.”)

Lakini begi, dada. Begi liko mlangoni.

(Waziri, amesimama na koleo mkononi: “Begi gani? Begi nililiingiza ulipokuwa unazindua daraja lako. Nguo za wifi nimeshazitundika, na begi lenyewe nimelitupa juu ya mengine, tupu. Wifi, sogea mezani kabla nyama haijapoa.”)

Ndugu washiriki, ofisi yangu haikuwa na taarifa hizo. Katika mazingira haya mapya, naomba mwongozo wa Mgeni Rasmi kuhusu utepe, kwa sababu umenunuliwa, umefungwa, na kanuni hazisemi unafanywaje mradi usipokuwapo. (Kinyozi: “Mwongozo wangu mimi ni mkasi.”) Mkasi huu hapa, Ndugu Mwakilishi, pamoja na salamu za rambirambi kwa mteja wako.

(Mgeni Rasmi anashika meza kwa mikono miwili, anasimama: “Natoa agizo. Utepe usikatwe. Ufunguliwe taratibu, ukunjwe, uwekwe. Kesho sisi watatu tunakwenda dukani kwa mwenye makabati, mimi nitatembea hivihivi mpaka nifike. Likishafika hapa ndani, likasimamishwa ukutani, vyombo vikiwa ndani yake, hapo ndipo utepe utafungwa. Na atakayeukata ni wifi.”)

(Koleo la Waziri limeinama, mafuta yanadondoka kwenye sakafu ya Mwenye Nyumba. Halafu: “La mbao nzito?”)

(Mgeni Rasmi: “Nzito. Lishindikane hata kupita mlangoni wakitaka kulitoa.”)

Agizo limepokelewa na litatekelezwa. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Kitengo cha Uzinduzi, utepe utakisubiri kitu. Sina la ziada. Kikao kimefungwa, nyama iko mezani, na Mheshimiwa Mwenye Nyumba, kwa kuwa bado upo, tunaomba kibali chako rasmi cha kupigilia msumari.